Kielelezo Namba Nne

Siku tulipofungua kesi, mzinga ulikuwa mtupu.
Wa gome la mtundu, umeshonwa kwa vijiti.
Kalunde Mpuya aliubeba kichwani kutoka stendi ya Tabora
hadi mlango wa mahakama, akauweka mezani taratibu:
"Nyumba ndiyo hii. Nionyesheni mti wa kuitundika."
Karani akaubandika karatasi, Kielelezo Na. 4,
akautupa stoo, kati ya baiskeli ya wizi
na gunia la bangi lililokwisha harufu.

Mdaiwa alikuwa shemeji yake, Lugusha,
ekari tatu za tumbaku, mabani mawili.
Alikata miti arobaini na mmoja yenye mizinga yake.
Hakubisha. Alikohoa, akasema,
"Tumbaku haikaushwi kwa maneno."
Nilikuwa nimejiandaa kumbana.
Nikaviona vidole vya binti yake, miaka tisa,
vya njano mpaka kwenye kucha,
na usiku ule sikupata usingizi.

Nikamwomba mkataba.
Aliutoa kwenye mfuko wa rambo,
kurasa kumi na moja kwa lugha asiyoijua,
alama ya dole gumba pale chini
kama mdudu aliyekanyagwa.
Kifungu cha kumi na nne ni mstari mmoja.
Ukiuleta kwa Kiswahili, ni maneno matano:
kuni ni juu ya mkulima.

Miaka yangu yote ya kusoma sheria
sikuwahi kuona msitu mzima ukipita kwenye tundu dogo vile.
Mninga umo humo. Mkurungu umo.
Kijito cha Kalunde kilichokuwa kikikauka Septemba,
sasa Juni, kimo.
Kikohozi kimo. Vidole vimo.

Nikaomba kampuni iunganishwe, mdaiwa wa pili.
Wakili wao alikuja kwa ndege, mpole, suti ya kijivu,
akaomba tarehe. Akapewa. Akaomba nyingine.
Imeahirishwa masika. Imeahirishwa kiangazi.
Hakimu kahamishwa. Faili halionekani. Faili limeonekana.
Nikaanza vidonge vya presha.
Kalunde alinilipa nusu kidumu cha asali ya mwaka juzi,
imeganda, naikwangua kwa kijiko.
Jirani yangu wa ofisi, mtu wa hati za viwanja,
aliniuliza, "Kwani miti inalipa?"
Nikajibu inanilipa pumzi,
kisha nikaona haya. Mwenye nyumba hapokei pumzi.

Novemba, karani alitoka stoo mbio,
kaumwa shavuni, kaumwa sikioni.
Nyuki walipita kwenye kioo kilichovunjika,
wakauona mzinga mtupu. Karatasi hawakuisoma.
Wakahamia.

Kikao kikasimama. Tukajaa uani, majoho na kandambili,
tukisikiliza ukuta ukinguruma.
"Wakili," akauliza hakimu mpya, "hiki nini?"
"Mheshimiwa, kielelezo kimechoka kusubiri.
Kimeanza kutoa ushahidi chenyewe."
Wa kwanza kucheka alikuwa Lugusha.
Kisha Kalunde, ambaye hakuwa amemsemesha
tangu shoka la kwanza.

Sitawadanganya: hatukushinda. Tulipatana.
Kifungu cha kumi na nne kimeandikwa upya, kwa Kiswahili,
kwa kata yetu tu: kuni zitoke shamba la kampuni,
bani lile linalokula nusu, mtoto asiguse jani.
Kata ya pili bado wanatia dole gumba
chini ya mstari wa zamani. Nakala zao mbili ziko mezani kwangu,
chini ya kijiko cha asali.

Miche imefika magotini.
Mti wa kubeba mzinga unataka miaka thelathini.
Nimepiga hesabu: nitakuwa na sabini na miwili.

Na kielelezo kiko palepale.
Fomu ya kukirudisha ipo, Kalunde hataki kuijaza.
Karani siku hizi, kabla hajaingia stoo,
hubisha hodi.