Wimbo wa Tatu

Bahasha ilifika Makoroboi, dukani kwa fundi redio,
imelowa pembe moja, ina stempu tatu za nchi sijui ipi.
Ndani, sidii. Na uso wa bibi yangu
akiwa na miaka ishirini na moja, nyusi za masizi,
na jina limekosewa:
Kwandu wamemwita Kwanza.
"Si mbaya," alisema. "Kuna walioniita mwisho."

Nilikuwa nimepanda nayo mawe ya Igogo,
nikamkuta anapara sato, magamba yamemganda mkononi
kama chenji.

Nikaweka.
Tarumbeta ikajisafisha koo. Besi ikatembea
kama mtu mwenye deni anayerudi usiku.
Halafu yeye: ile sauti ya chini, yenye mchanga,
aliyoipata akinadi maandazi bandarini alfajiri.
Bluzi, karatasi imeandika.
Yeye huiita kulalama kwa adabu.

Nyimbo mbili akazisikiliza kwa sikio la kushoto,
lile linalofanya kazi.
Wa tatu ulipoanza, akainua kisu.
"Mvua iko wapi?"

Nikasoma: tumeondoa mikwaruzo na kelele zote.
"Kelele?"
Akacheka, si kicheko kizuri.
Siku ile Bulugu, mpiga ngoma, hakutokea;
kalewa, au kafungwa, au yote mawili.
Mwenye mashine akaanza kukunja nyaya.
Mvua ikashuka kwenye bati la ukumbi, ikashika mapigo,
naye akaimba juu yake, mara moja tu, bila kurudia.
"Sasa wameifua sauti yangu kama shuka la Bugando.
Nyeupe. Haina mtu."

Santuri yenyewe ipo. Imefunika mtungi, ina ufa
toka ukingoni hadi tunduni.
Gramafoni tuliiuza mwaka ule babu alipougua.

Basi sidii ikalala juu ya kabati.
Vumbi. Kiberiti. Chanuo.

Hadi Novemba, saa kumi jioni, ziwa likawa jeusi,
mawe ya Capri Point yakapotea,
tone likagonga bati letu,
la pili,
kisha yote kwa pamoja.

Hakuinuka. Alinyoosha kidole tu.
"Weka wa tatu."
Akasikiliza, kichwa kimeinama,
goti linahesabu.

"Kaja Bulugu," akasema.
"Kachelewa miaka sitini,
na bado anakimbiza mapigo."