Kodi ya Daftari

Baba alikufa Machi, tarehe tisa,
na kadi yake ya benki ikamfuata baada ya siku kumi.
Programu ya mahesabu ilibisha hodi mara mbili,
ikakuta mlango umefungwa, ikatuma barua:
Mpendwa Zdzisław, malipo yako yameshindikana.
Mpendwa! Hata padri hakumwita hivyo.

Duka letu liko Łódź, nyuma ya kiwanda cha pamba
kilichogeuzwa kuwa mikahawa.
Soli, visigino, zipu, funguo.
Miaka kumi na mmoja, kila jozi iliyopita mezani
aliiingiza mwenyewe, kwa kidole kimoja,
kidole kilichonuka gundi hadi kwenye jeneza.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Na daftari lenyewe likiwa la kupanga?
Kodi ya serikali, kodi ya daftari:
neno moja, midomo miwili.
Mmoja unasema, tunza hesabu miaka mitano.
Mwingine unasema, lipa kwanza
ndipo usome ulichokiandika.

Nilipiga simu. Kijana wa sauti laini, Tymon,
akaniambia nina mpaka Alhamisi, saa sita usiku.
Baada ya hapo nitaona jina la duka
na kitufe cha kijani. Basi.
"Pakua faili, dada. Ni rahisi."

Nikapakua. Ni rahisi kweli.
Mistari elfu sita mia nne na kumi na miwili
ilimwagika kama misumari kutoka mfuko uliotoboka.
Tarakimu zote zilifika salama.
Majina ndiyo yaliyoumia njiani:
Wójcik akawa W?jcik,
na Bi Gołąb, ambaye jina lake ni njiwa,
akatua Go??b,
kanyonyolewa manyoya mawili.

Safu ya mwisho, ile ya maelezo, haikuja kabisa.
Nikampigia tena Tymon.
Akasema, kwa upole, maelezo si hesabu.

Nilichukua daftari la shule la binti yangu,
la mirabamraba, nikaanza kunakili kwa mkono.

Kisigino cha kushoto tu. Huegemea alikolala mumewe.

Zipu ya buti. Anasema ni ya mtoto. Namba arobaini na nne.

Asilipe. Anakwenda kuzika.

Sifuri. Niliyeharibu ni mimi.

Mwalimu wa hesabu. Kanikosoa chenji. Yuko sahihi, mshenzi.

Sikujua baba ana maneno.
Nyumbani alikuwa na mawili, "chumvi" na "mlango",
na la pili alilitumia majira ya baridi tu.

Jumatano ikaisha. Supu ikaganda.
Alhamisi nilifunga duka saa za kazi,
jambo ambalo marehemu asingelisamehe,
nikaandika mpaka herufi zangu zikaanza kulala chali.
Mkaguzi hataziomba kurasa hizi. Najua.
Atataka jumla, na jumla ninayo,
hadi senti, kwenye kijiti kidogo ndani ya kopo la rangi ya viatu.

Saa sita kasoro dakika mbili nilikuwa mwaka wa tisa.
Miaka miwili iliyobaki, ile ya kikohozi,
sikuifikia.
Mstari wa mwisho nilioupata ni huu:

Kamba nyeusi, jozi mbili. Bwana Kępa.
Amesahau mwavuli. Atarudi.

Halafu weupe. Jina la duka. Kitufe.

Mwavuli upo. Unaning'inia nyuma ya mlango,
mpini wa mbao, ubavu mmoja umepinda.
Nimeupita kila asubuhi nikidhani ni wa baba.
Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu kanisani,
nami niliukunjua, nikausimamisha juu ya mama.

Bwana Kępa, samahani.
Namba yako ya simu ilikuwa ukurasa mwingine.