Kikohozi cha Dakika ya Tatu

Niliingia Luthuli na elfu sita mia tano,
kicheza muziki mfukoni mwa shati, kidogo kama kiberiti,
kimebeba kanda za baba
nilizomlipa kijana wa Ngara azigeuze faili.
Humo mna wimbo mmoja wa gita mbili
ambamo, dakika ya tatu, mtu anakohoa.

Si sana. Ni kikohozi cha mtu aliyejizuia
mpaka ubeti ukaisha, kisha akageuza uso.
Tangu utotoni nakijua kilipo.
Visikizi vya mia mbili vilikipoteza,
nami nikaja kukitafuta.

Duka la Mwirigi ni futi nne kwa sita.
Alinipima kichwa kwa macho, kama fundi wa suti.
"Hizi zina mgongo wazi. Sauti inapumua, unauona ukumbi."
Kweli niliuona ukumbi,
ila Luthuli nzima nayo iliingia bila tiketi:
mikokoteni, sogea-sogea, spika ya jirani ikijaribiwa
kwa mahubiri yaleyale, mara tisa.
Nikamwambia: mchana nakaa na kinu cha unga,
Eneo la Viwanda, mimi na mizani na stakabadhi.
Usiku nalala na muuguzi anayeamka saa kumi.
Nipe mlango unaofungika.

Akaleta zilizofungwa.

Za kwanza nyeusi, nzito, za watu wa studio.
Kicheza changu kilizisukuma
kama mtoto anayesukuma mitungi ya maji mlimani.
Nikaongeza sauti hadi ikagota;
gita likaja kutoka mbali, limechoka.
"Hizo zataka mashine yenye misuli," akakiri.

Za pili zilikuwa besi. Besi tupu,
kama mjomba anayeshika maikrofoni harusini
kabla hajaombwa.
Kikohozi kilizama humo, gita la pili likakifuata.

Za tatu zilisafisha kila kitu hadi nyuzi zikawa sindano,
na zikanibana mafuvu.
"Zitalegea."
Lini?
"Zitalegea tu."

Za nne hakuzisifu. Rangi ya chai ya maziwa.
Mito yake yachomoka, waya wake wachomoka,
na hilo nililipenda: waya ndio hufa kwanza,
nami sitaki kuzika kichwa kwa ajili ya mkia.
Nikabonyeza.
Luthuli ikarudi nyuma hatua kumi,
mkokoteni ukawa picha ya mkokoteni.
Gita la kushoto likauliza, la kulia halikuharakisha jibu.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Nikashika kaunta.

Khm.

Kasyoka, msaidizi wa duka, nilimwomba asimame karibu
kama mtu tunayegawana mto.
Akacheka, kisha akainamisha sikio.
"Nasikia mbu."
Nikapunguza.
"Mbu ameenda Ruiru."
Halafu, akikunja waya: "Barabarani acha sikio moja nje.
Bodaboda haingoji dakika ya tatu."

Mwirigi alitaka elfu saba. Tukavutana,
akamwita Mungu, nikamwita mwenye nyumba wangu,
tukakutana kwenye sita na mia tatu.
Iliyobaki ikawa chapati na madondo.

Umoja, usiku, taa imezimwa,
taarifa ya habari ya jirani ikipenya ukutani.
Nikavaa; jirani akanyamaza katikati ya neno.
Bosibori nilidhani amelala.
Mkono wake ukaja gizani, ukapapasa,
ukakigeuza kikombe kimoja
(vinageuka; Mwirigi hakunionyesha hilo)
akakilaza juu ya kitambaa chake cha kulalia, penye sikio.
Sikumwambia lolote. Kanda za baba hazijui.
Wimbo ukaenda ulivyozoea kwenda,
nami nikauzuia mwili usitikisike.

"Huyu anayekohoa," akasema,
macho bado yamefumbwa,
"walimpa maji?"