Ukurasa wa Ishirini na Tatu

Maneno mia moja na kumi na mawili.
Ndiyo kazi yangu ya mwaka mzima, msinicheke.
Shemeji yangu, seremala wa Keko,
huniuliza kila Idi: "Lile la kuku limeisha?"
Yeye mwaka huo keshatoa makabati tisa
na kitanda cha bibi harusi.

Asubuhi nafuta "polepole".
Jioni nalirudisha.
Umeme ukikatika nalisema kwa sauti, gizani,
nisikie kama mtoto wa miaka mitano
atalitafuna au atalitema.

Picha ni za Kibwana Mkude,
aliyechora vichwa vya kunyolewa kwenye kuta za saluni
kuanzia Tandika hadi Mtoni.
Hata kuku wake ana panki.
Nikamwambia, Kibwana, huyu ni kuku, si mteja.
Akasema, Mwalimu, huyu ni kuku wa mjini.
Nikamwacha.

Kurasa ishirini na nne, alisema mchapaji,
karatasi hukunjwa kwa nane, hadithi ikizidi inakatwa.
Rangi zote ni bei ya kiwanja Chanika;
tukachukua mbili, njano na nyeusi.
Ndiyo maana bahari yangu ni ya njano.
Watoto hawakuuliza.
Wakaguzi waliuliza, kwa barua, yenye muhuri.

Nakala elfu moja. Mia nne zikalala chini ya kitanda changu, Yombo,
mpaka masika yalipoingia ndani bila hodi.
Nikazianika uani kwa vibanio vya nguo:
kuku wa njano wananing'inia safu kwa safu,
na kuku wa jirani, wa kweli,
wamesimama chini, shingo upande, wanatazama juu.

Hadithi yenyewe ni fupi.
Kuku anaamka, mguu wake mmoja haupo.
Anauliza sokoni. Anauliza kituoni.
Anamuuliza fundi viatu, naye anampimia kiatu kimoja.
Ukurasa wa ishirini na tatu anaupata:
kumbe aliukunja mwenyewe, ndani ya manyoya.
Hapo nilimwekea maneno kumi na sita,
na furaha, na alama ya mshangao.

Mwaka jana nikaalikwa shule moja ya Temeke.
Mwalimu Chaulembo akafungua kabati, kufuli mbili,
akanionyesha nakala thelathini za kuku wangu:
"Unaona? Kama zilivyokuja."
Zilinukia dawa ya mende.
Nikashukuru. Ningesema nini?

Wakati wa uji akanifuata msichana wa darasa la pili,
Havijawa, kaushi yake imechungulia shingoni.
"Kipo na kingine," akasema, "kile kibovu."
Kilitoka chini ya dawati la nyuma kabisa:
jalada la mfuko wa sembe, limeshonwa kwa uzi wa neti,
pembe zimelainika kama sikio la mbuzi.
Kilikuwa kimesomwa na darasa zima, na wadogo zao, na uji.

Karatasi ya mwisho haikuwepo.
Mahali pake palibandikwa ukurasa wa daftari la hesabu,
wenye vyumba vidogo vidogo,
na kuku wa kalamu ya bluu, mguu mmoja,
panki limesimama,
na chini yake, kwa herufi zilizopanda mlima:
*Mguu wangu umelala. Msiuamshe.*

Nikahesabu. Maneno manne.
Nikahesabu tena, kwa vidole, kama mtu aliyeibiwa
na bado hajajua ameibiwa nini.

Kitabu sikukichukua, kina wenyewe.
Nilimwomba anichoree tena, nyuma ya risiti ya sukari.
Usiku ule nikakata yangu kumi na sita,
nikaweka yake manne. Yakabaki mia kamili.
Alama ya mshangao nimeihifadhi, huenda ikafaa kwingine.

Idi hii shemeji akiuliza, jibu ni bado.
Kibwana ameiona ile risiti.
Akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga,
akanyamaza muda wa kuchonga penseli mbili.
Kisha akauliza ana miaka mingapi,
na kama ana kazi.