Bado

Nyambok alichomoa nyaya za betri Jumapili jioni,
akahesabu hadi mia mbili, akazirudisha,
na ile taa ya njano iliyonikodolea jicho tangu Pasaka
ikazimika. Nikamlipa. Nikalala kama aliyemaliza deni.

Jumatatu, kwenye foleni ya ukaguzi,
Bi Khayanga akachomeka kidude chini ya usukani,
akakisoma, akanitazama juu ya miwani:
"Mama, gari hili halina kosa hata moja.
Wala halina kumbukumbu. Limeoshwa ubongo jana.
Shahidi asiyekumbuka kitu simwandikii cheti."

Nikarudi Kondele na Probox yangu, trei tupu zikigongana nyuma.

Safari hii Nyambok alilala chini yake kweli,
akatoka na kibomba cha mpira kilichopasuka kama kisigino.
"Hiki ndicho."
Tangu Pasaka ndicho, nikamwambia.

Sasa masharti, nimeyakariri kama sala:
Gari lilale nje usiku kucha, lipoe hadi moyoni.
Tangi lisijae, wala lisishuke chini ya robo.
Alfajiri uliwashe, usilikanyage, lingurume peke yake
muda wa kuchemsha yai hadi liwe gumu.
Kisha barabara, themanini, mwendo mmoja,
kisha uinue mguu, lipunguze lenyewe.
Breki usiguse.

Breki usiguse! Aliyetunga hayo hajafika kwetu.

Nyamasaria, Rabuor, ukungu umeulalia mpunga wa Ahero,
mshale kwenye themanini, mguu wangu umekufa ganzi.
Lori la miwa likanipita na tusi. Nikalimeza.
Jicho moja kwenye dashibodi: je, itarudi ile taa?
Ilikuwa imeniambia kweli
nami nikatoa pesa inyamazishwe.
Karibu na Awasi ng'ombe watatu wakavuka
kwa heshima zao zote.
Nikagusa breki. Nikaanza upya.

Siku ya tatu Nyambok akaja na chombo chake,
mwanga wa kijani ukimulika kidole gumba,
nami nikajiona mwenyewe usiku, tochi na yai mkononi,
nikitafuta ule utando wa mishipa, lile doa linalodunda,
nijue lipi lina uhai na lipi ni maji matupu.
Kichujio cha moshi: tayari.
Pua ya oksijeni: tayari. Joto la hiyo pua, tayari.
Mvuke wa tangi:
bado.

Neno gani hili, halikatai wala halikubali.
Binti yangu Akeyo nikimuuliza habari za posa
hunijibu hilohilo,
na benki hunijibu hilohilo, ila kwa barua.

"Hiyo ya mwisho," akasema Nyambok, akijifuta grisi,
"huiva gari likiwa limezimwa. Usiku, mtu hayupo.
Linajipima lenyewe kama linavuja pumzi."

Basi sikwenda popote. Wateja wa Kibuye wakanipigia, sikupokea.
Nililiegesha chini ya dirisha langu, karibu na banda.

Usiku wa manane nikasikia kitu ndani yake:
tik,
halafu kimya,
halafu kama mtu anayevuta hewa na kuizuia kifuani.

Sikuwasha taa.
Kuku akiwa ameatamia, hachunguliwi.