Ratili Ngapi

Ukurasa wa nne. Verna ndiye mwenye kalamu,
maana vidole vya Orrin havishiki tena.
Nje, theluji ya Duluth imepanda hadi dirishani.

"Unaweza kuinua ratili ngapi?"
"Andika hamsini."
Miaka ishirini na sita alipakia ngano bandarini,
hajamwambia msimamizi "siwezi" hata siku moja;
neno lenyewe humkwama kooni kama mwiba.

"Orrin. Jana ulishindwa na paka."
Paka, kusikia anatajwa, anafumbua jicho moja.
Ratili tisa, pamoja na manyoya.

Kimya. Jiko linaguna.
Fomu haiulizi ulichojenga, wala kodi uliyolipa.
Inataka uhesabu ulivyopunguka,
kwa wino mweusi, usivuke mstari:
nani hukufunga vifungo?
husimama dakika ngapi?
eleza siku yako, toka kuamka hadi kulala.

"Siku yangu," anasema,
"ni kukutazama ukifanya kazi zangu."
Verna anatafuta kisanduku cha jibu hilo.
Hakipo.

Wamekwisha kataliwa mara mbili,
kwa barua zenye adabu tele.
Ya pili ilisema anaweza kazi ya kuketi.
Kuketi! Kiulizeni kiti.

Anaandika: *tisa, siku njema.*
Anasita. Anaongeza:
*siku nyingine, hata kijiko.*

Orrin anageukia ukuta.
"Haya," anasema. "Ndivyo."
Na mkono wake, ule wenye nguvu kidogo,
unakuja taratibu mezani
kuilaza karatasi isiteleze.