Ndoo na Mzinga

Jana hisa mia tano na kumi,
leo mia nne themanini na tano.
Nyamizi kapiga simu toka Sikonge:
"Kaka, tumeibiwa!"

Nikamkumbuka baba porini Ipole
alivyoteremsha mzinga kwa kamba, akarina,
akaupandisha tena, mwepesi,
na ndoo ikatuuma mabega njia nzima.

"Daftari la wenye hisa lilifungwa lini?"
"Jana."
"Gawio?"
"Ishirini na tano kila hisa. Bado halijafika."
"Basi ndoo iko njiani, dada. Ipime
pamoja na mzinga."

Kimya. Nikasikia akibonyeza kikokotoo.
"Lakini humo wanakata kodi."

Eh.
Hapo kuna mtu amelamba kidole.